Rory O'More, hatua ya kontra (dansi ya jozi zinazojipanga kwenye mistari mirefu), ni midundo mingapi?
Kwenda kulia ni midundo 8: 4 ya kuyumba mkiwa mmeshikana mikono kwenye mstari, 4 ya kuteleza. Kurudi kushoto 8 nyingine, jumla 16, ndiyo maana watunzi wa dansi za kontra huitumia kujaza sehemu nzima ya muziki. Nimeifundisha mara kadhaa. Wageni hukosea pale pa kujizungusha. Ukiteleza kulia, zunguka kulia pia. Anzeni bila kuzunguka kabisa, mpite tu mbele ya mwenzako. Uliyemshika mkono wa kulia sasa umshike wa kushoto, mtu ni yule yule. Ukijikuta na mwingine, umepotea. Na kizunguzungu kikikushika, teleza tu, mizunguko si lazima.