Maswali ya Wasomaji: Soksi Saba Chini ya Kiti

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, Jumamosi iliyopita niliamua kusafisha gari letu la familia, kazi niliyoikadiria kuwa ya nusu saa. Baada ya saa tatu nilikuwa nimetoa soksi saba zisizolingana hata mbili, vijiko vitano ambavyo tulikuwa tumekwisha kuvihesabu kuwa vimeibwa, kiatu cha mtoto ambaye siku hizi mguu wake unakaribia kuuzidi wangu, na kitu cheusi kilichokauka ambacho mpaka leo hatujaafikiana kama kilikuwa ganda la ndizi au glavu. Nilipowaita mke na watoto niwaulize, kila mmoja aliapa kwamba hapakuwa na chake hata kimoja. Je, nicheke au nikasirike? Na je, kuna namna ya kuifanya kazi hii bila kugeuza nyumba kuwa mahakama?
Baba wa Watatu

JIBU: Ndugu Baba wa Watatu, cheka kwanza, kwa kuwa hasira itakuchelewesha na vijiko vimekwisha kurudi nyumbani. Chumba cha kulala kina mwenyewe, jiko lina mwenyewe, hata kabati la viatu huwa na mtu anayelionea uchungu. Lakini ndani ya gari kila mtu hujihesabu kuwa abiria, na abiria akishuka haangalii nyuma. Anabaki dereva peke yake, naye kazi yake ni kutazama mbele. Ndiyo maana takataka za gari hukusanyika nyuma yake kwa amani kabisa, miezi nenda miezi rudi, mpaka siku ile breki ya ghafla inapozileta zote mbele kujitambulisha.

Kosa lako lilikuwa katika swali ulilouliza. Ukisema, “Nani aliacha hiki?” umemwita mtu kizimbani, naye atakana hata soksi iliyotariziwa jina lake. Safari ijayo tandika shuka kuukuu kando ya gari, panga juu yake kila kilichotoka, kisha waite wote na uulize tu, “Nani anakitaka?” Utashangaa jinsi vitu vilivyokuwa yatima muda mfupi uliopita vinavyogombewa. Kisichotakiwa na yeyote mpaka jioni kinakwenda kwenye pipa, ikiwa ni pamoja na lile ganda, au glavu, bila kusubiri hukumu.

Kuhusu utaratibu wenyewe, toa vyote kabla hujagusa kitambaa wala maji, kwa maana mtu anayefuta huku akitoa vitu hujikuta anaifuta sehemu ileile mara tatu. Kisha shuka kwa tabaka. Juu utakuta makombo ya wiki hii, chini yake michoro ya muhula uliopita, na chini kabisa, kwenye reli ambazo kiti hutelezea, zile sarafu, vibanio vya nywele na vipande vya midoli ambavyo huzuia kiti kusogea. Sukuma kiti mbele mpaka mwisho, safisha nyuma yake, halafu kirudishe nyuma usafishe mbele yake. Usipenyeze mkono gizani kwa nguvu: kingo za reli hukata, na chini ya viti vya mbele hupita nyaya, nyingi zikiwa na viungio vya rangi ya manjano, ambazo ni za mifuko ya hewa na za kukaza mikanda ajali inapotokea. Hizo hazivutwi wala hazichomolewi, hata kama zimenasa soksi ya nane.

Vifaa si lazima viwe vya fahari. Agosti 1888, Bertha Benz alipolichukua gari la mumewe Carl na kusafiri na wanawe wawili, Eugen na Richard, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, njiani alilazimika kuzibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia yake. Kwa hiyo tangu safari ile ya kwanza ndefu ya gari, tena ya mama na watoto, kulikuwa na mtu mzima aliyeinama akichokonoa uchafu kwa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wewe tumia mswaki wa zamani kwenye matundu ya hewa, brashi laini ya rangi kwenye dashibodi, na mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba pembeni mwa viti.

Jambo moja tu katika haya yote halina mzaha, nalo ni chupa. Chupa inayobingirika chini ya kiti cha dereva inaweza kusimama nyuma ya pedali ya breki wakati unapoihitaji pedali hiyo kuliko kitu kingine chochote duniani. Hakikisha hakuna kinachoachwa kikizunguka sakafuni mbele, na zulia la miguuni likae kwenye vishikizo vyake lisiteleze.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ndugu yangu, na nimeona kwamba umetaja vitu vya kila mtu, lakini hukusema lolote kuhusu kilichokuwa chini ya kiti chako mwenyewe. Nauliza kwa sababu niliwahi kuwashutumu wanangu mwezi mzima kwa kupoteza miwani yangu ya kusomea, nikaja kuikuta mahali ambapo hakuna mtoto anayefika, pamoja na risiti ambazo nisingependa zisomwe mezani.

SWALI: Mshauri, mwanangu alimwaga maziwa kwenye kiti cha nyuma wiki mbili zilizopita. Nilifuta palepale, nikatundika vinukishi vitatu, na sasa gari linanuka maziwa yaliyooza yakiwa yamevaa waridi. Watu ninaowapa lifti hufungua dirisha kwanza, ndipo wanisalimu. Nifanye nini?
Dereva Mwenye Aibu

JIBU: Dada au kaka, maana hukujitambulisha, anza kwa kuvitoa hivyo vinukishi vitatu, kwa sababu havikuwahi kuondoa harufu; kazi yao ni kuisindikiza. Ulichokifuta siku ile kilikuwa juu ya kitambaa, ilhali maziwa yalikwisha kushuka kwenye sponji ya kiti, na huenda hata kwenye sufi iliyo chini ya zulia. Huko bakteria hubadili sukari ya maziwa kuwa asidi, na mafuta yake yanapovunjika hutoa asidi ya butiriki, ambayo ni mojawapo ya asidi zinazofanya matapishi yanuke kama yanavyonuka. Wageni wako, basi, hawana nongwa nawe. Pua zao zinafanya kazi yake.

Usimwage maji ya moto, kwa kuwa joto hugandisha protini ya maziwa ndani ya nyuzi. Tumia maji baridi na sabuni yenye vimeng'enya vinavyosaga protini na mafuta, uifikishe kule maziwa yalikofika, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake, kwa sababu vimeng'enya haviharakishwi na haraka ya mwenye gari. Kisha nyonya unyevu kwa taulo kavu, ukigandamiza badala ya kusugua, unyunyize soda ya kuokea ilale usiku kucha, uifyonze asubuhi, na uache milango wazi mpaka pakauke kabisa, la sivyo utakuwa umebadilisha maziwa kwa ukungu. Wapo wanaochanganya soda na siki kwa wakati mmoja. Mapovu yake yanapendeza sana, lakini viwili hivyo hubatilishana na kukuachia maji yenye chumvi kidogo.

Ikiwa maziwa yaliingia kwenye kiti cha usalama cha mtoto, vua kitambaa chake kama kitabu cha maelekezo kinavyosema, lakini mikanda yake ifutwe tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Isiloweke, isitiwe dawa ya kung'arisha nguo, maana nyuzi zake zinaweza kudhoofika bila jicho kuona. Piga picha kabla hujafungua chochote. Namfahamu mzazi aliyekirudisha kiti hicho kwa ufundi mkubwa, akabakiwa na kamba mkononi.

Harufu ikiendelea kuja kila unapowasha feni, hapo maziwa hayana hatia. Kagua chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, na ambalo watengenezaji wengi hushauri libadilishwe mara moja kwa mwaka au kila baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000. Wapo wenye magari wanaogundua kwamba wana chujio hilo siku wanapolikuta limejaa majani makavu.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina miaka 10. Kalamu zangu za nta ziliyeyuka kwenye kiti cha gari. Baba anasema ni uzembe wangu, mimi nasema ni jua. Pia, nikisafisha gari, sarafu nitakazookota ni za nani?
Msanii

JIBU: Marahaba, Msanii. Wote wawili mmesema kweli. Nta huanza kulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi joto 50 hivi, na kiti cha gari lililofungwa juani kinaweza kuzipita; lakini jua halikuzitoa kalamu kwenye mkoba wako. Mwombe mtu mzima aigandishe nta kwa barafu, aibandue kwa kipande cha plastiki, kisha alipashe moto doa lililobaki kwa kikausha nywele huku akilinyonya kwa karatasi.

Kuhusu sarafu, utamaduni wa nyumba nyingi ni kwamba aliyesafisha ndiye mwenye haki nazo, ila kwa namna mbili. Sarafu iliyodumbukia ndani ya kifungio cha mkanda ni ya fundi, nawe usiichokonoe. Na sarafu iliyogandamana na pipi ni ya yule aliyekula pipi ndani ya gari, kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kuidai.