Kuonesha mchezo wa ng'ombe bila king'amuzi

Waalaykum salaam, mdogo wangu wa Chake Chake, Pemba. Umeuliza kama vipindi vyako vya mchezo wa ng'ombe, ule wa kuchezana na fahali, na ngoma ya msewe vinaweza kuwafikia Wapemba wa Muscat na Dar bila king'amuzi. Vinaweza, tena kwa simu hiyo hiyo uliyonayo. Fungua chaneli YouTube, lakini usikimbilie mubashara. Rekodi kwanza, kisha upandishe usiku kwa bando la usiku. Mimi nilirusha arusi mubashara kutoka shamba. Mtandao ukakatika bibi arusi ndiyo kwanza anatoka, jamaa wa ng'ambo wakabaki wanatazama kiduara kinazunguka. Mpaka leo shangazi hajanisamehe.

Pesa za matangazo zisikutie kiwewe: kabla ya kukulipa, YouTube wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ningekuwa wewe, ningemfuata mwenye duka anidhamini.

Kubwa zaidi ni sauti. Picha ikitetema kidogo watu huvumilia, ila upepo ukimeza zumari, wanaondoka. Nunua maiki ya kubana kwenye shati, uivishe sponji. Kuhusu leseni, waulize Tume ya Utangazaji Zanzibar kabla hujaanza. Ukitaka kutumia nyimbo za watu, waulize COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar.