Vuli ya Marekani siyo vuli ya Mwanza: rapala za besi kwa sangara wetu

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Igombe hapa Mwanza. Shemeji yangu anaishi Marekani, alivyokuja likizo akaniachia rodi, rili na kiboksi cha chambo bandia kama ishirini hivi, za kuvulia yule samaki wao anaitwa besi. Nimeangalia video zao mpaka bando limeisha, wote wanasema vuli ndo wakati wenyewe, samaki anakula kama kachanganyikiwa. Basi nikasubiri vuli, toka Oktoba naenda kwenye mawe kuanzia saa 3 asubuhi, maana alfajiri na usiku naogopa viboko, natupa mpaka mchana. Miezi miwili sasa nimepata sangara mmoja wa kiganja na rapala nne, zile chambo bandia za umbo la samaki, zimekatika. Nakosea wapi, na kwenye kile kiboksi nitumie zipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mwangaluka. Kosa la kwanza wala siyo lako, ni la tafsiri. Wale jamaa wakisema vuli wanamaanisha miezi yao ya Septemba mpaka Novemba, majani yanapukutika na baridi kali iko njiani, sisi vuli ni mvua. Neno moja, vitu viwili. Kwaiyo umefuata kalenda ya mtu ambaye maji yake yanapoa wakati ya kwako ndo kwanza yanapata moto.

Ngoja nikueleze kinachotokea kwao, maana ukishakielewa hicho hata video zao zitakusaidia. Kiangazi chao maji ya juu yanakuwa ya moto na mepesi, ya chini baridi na mazito, hayachanganyiki, na yale ya chini oksijeni inaisha taratibu. Ikifika vuli yao ya juu yanapoa, yanakuwa mazito kama ya chini, upepo ukivuma ziwa zima linajigeuza, na hapo kwa siku kadhaa uvuvi unakuwa mbovu kabisa kwa sababu maji machafu ya chini yamepanda na samaki wametawanyika. Ikitulia, visamaki vidogo vinaingia kwenye vijito na vihori, besi anavifuata huko huko anakula kwa fujo kabla baridi haijambana. Ndo maana wao wanapenda vitu vinavyokwenda mbio na kufanana na kisamaki, rapala zenye mdomo mfupi, zile bapa zisizo na mdomo zenye gololi ndani zinazolia, na zile za waya zenye visahani vinavyozunguka.

Ziwa letu la Victoria nalo linajigeuza, ila wakati wake ni Juni mpaka Agosti, kiangazi chetu, zile pepo za kusini mashariki zikivuma na ubaridi kidogo. Kuanzia kama Septemba mpaka Mei linajipanga tena tabaka mbili, na kule kwenye kina kirefu oksijeni inakuwa kidogo mno. Sasa sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi, siyo kambare wala kamongo ambao wanaweza kuvuta hewa ya juu. Maji yasiyo na oksijeni yakipanda ghafla wakubwa ndo wanakufa kwanza, utakumbuka mwishoni mwa 2020 na mwanzo wa 2021 upande wa Uganda na Kenya walionekana masangara makubwa yanaelea, na wataalamu wao walisema ni oksijeni.

Kwaiyo kwa hesabu hiyo, kati ya Juni na Agosti sangara anaweza kuwa popote, juu, katikati, hadi chini kabisa, na kumtafuta kwa kutupa toka ufukweni ni kubahatisha, hapo mi nakokota rapala nyuma ya boti tena mbali. Miezi hii unayovua wewe yule wa maji marefu hana ruhusa ya kushuka sana, anabanwa juu, na kwenye ncha za mawe kama za huko kwenu anafika. Yani msimu haujakutupa. Kinachokutupa ni saa 3 asubuhi.

Sangara jua likiwa kali anashuka au anajificha kwenye kivuli cha mwamba, anasogea maji mafupi giza linapoingia na linapotoka, na kuna sababu, dagaa wanapanda juu usiku. Waulize wavuvi wa dagaa wa mwalo wenu, wao wanavua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikijaa wanapumzika. Sangara anajua hayo yote bila kuambiwa. Mi naanza kama saa 11 na nusu alfajiri mpaka saa 2, narudi tena saa 11 jioni mpaka saa 1 na kitu. Kuhusu viboko nakuunga mkono, usicheze nao, na mamba pia, ila dawa siyo kwenda mchana, dawa ni kupanda juu ya jiwe lililoinuka na kwenda wawili, au kupanda mtumbwi wa mtu anayelijua eneo. Na usisimame majini, hata pale panapoonekana pazuri, kichocho hakisubiri jioni.

Haya, kiboksi.

Kitu cha kwanza angalia mdomo wa rapala, ile plastiki ya mbele. Mfupi na umesimama wima, inazama mita moja au moja na nusu hivi. Mrefu na umelala kwenda mbele, inazama mita tatu, nne, na kuendelea. Nyingi za besi ni za maji mafupi, na nahisi wewe unavuta juu juu wakati sangara kakaa mita sita pembeni ya mwamba anaangalia tu. Zile za mdomo mrefu ndo zako za kwanza, hasa zenye urefu wa sentimita 10 kwenda juu. Zivute taratibu, acha ziguse jiwe kidogo, zikigusa simama sekunde moja, zinaelea kurudi juu, hapo ndo anapiga. Mara nyingi sana anapiga imesimama, siyo inakimbia, hii ni tofauti na zile mbio za kwenye video.

Zile bapa zisizo na mdomo zinazolia kachakacha, usiziache hata moja. Maji yetu ya ghubani ni ya kijani, ukiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko vidole havionekani vizuri, kwaiyo sangara anasikia kabla hajaona. Hizo zinazama zenyewe, tupa, hesabu moja mpaka kumi au kumi na tano ishuke, halafu inua rodi kwa nguvu, iache ianguke tena, inua. Rangi nyingine wanazosifia za kungaa kama kioo ni za maji meupe ya kwao, wewe chukua ya njano na kijani yenye tumbo la machungwa, au ya dhahabu, na giza likiingia weka nyeusi, ndio nyeusi, inaonekana vizuri ikipita juu yake maana anaiona kivuli kwenye mwanga wa mbinguni.

Za waya zenye visahani tumia kwenye kingo za magugu maji, hazinasi sana kwa sababu ndoano inaangalia juu, ila usitegemee mkubwa, waya wake unapinda. Samaki laini wa plastiki wenye mkia kama kasia, hao wazuri mno, wavike kichwa cha risasi cha gramu 30 kwenda juu ushushe pembeni ya mwamba. Yale minyoo ya plastiki ya zambarau marefu sijawahi kuyaelewa hapa. Sangara wetu anakula dagaa, furu, uduvi, na watoto wa sangara wenzake bila aibu, mnyoo wa zambarau hajazaliwa naye.

Sasa zile nne zilizokatika. Besi ni samaki mdogo mdogo wangu, rekodi ya dunia nzima ya yule mwenye mdomo mkubwa ni kama kilo 10, na imekaa toka 1932. Sangara wa kilo 10 kwetu ni samaki mzuri ila hakuna atakayepiga vigelegele, na ukoo wao kwanza hata siyo mmoja, wanafanana mdomo tu na tabia ya kuvizia. Kwaiyo uzi uliokuja kwenye ile rili nahisi ni paundi 12 au 15, toa wote. Weka uzi wa kusuka wa paundi 50, usiogope rili ndogo, huo wa kusuka ni mwembamba unakaribiana na nailoni ya paundi 12, utaingia wa kutosha. Mbele yake funga nailoni nene ya paundi 80 kama mita moja na nusu, kwa sababu sangara hana meno ya kukata kama mbwa, ana kinywa kama msasa, anasugua mpaka uzi unaisha, halafu na mawe nayo yanasugua. Nailoni hiyo utaipata kwenye maduka ya zana za uvuvi Kirumba wanakouzia vitu vya migonzo, zile kamba ndefu za ndoano nyingi, wala usiagize mbali.

Ndoano za meno matatu zilizokuja na rapala zibadilishe zote pamoja na vile vipete vinavyozishikilia. Niliwahi kupeleka mgeni, akapiga samaki mmoja hivi wa kutosha, tukapigana naye dakika kumi, rapala ikarudi na ndoano zimenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Aibu ile ilikuwa ya kwangu siyo ya mgeni. Ila ukiweka nzito sana rapala inakufa, haichezi, kwaiyo kabla hujaenda ziwani ijaribu kwenye pipa la maji, kama inaelea na ukiivuta inatikisika sawa. Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ianze kuachia kwenye kilo 4 hivi, usikaze kwa kukisia. Na akiruka, maana sangara anaruka na kutikisa kichwa, shusha ncha ya rodi chini usimpe uzi uliolegea.

Ukimfikisha usitie vidole kwenye mashavu, yale mifupa yanakata kama wembe. Mdogo wa chini ya sentimita 50 sheria inasema arudi, kwaiyo yule wa kiganja natumaini alirudi. Ukimtoa kwenye kina kirefu mpandishe taratibu, maana bondo, ule mfuko wake wa hewa tumboni, linajaa hewa akifika juu anashindwa kuzama tena, na kumrudisha wa namna hiyo ni kumpa kipungu. Jambo la kibali, pitia kwa afisa uvuvi wa kwenu uulize habari ya leseni ya uvuvi wa burudani, ni dakika chache. Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, usipeleke rodi huko kabla ya kibali chao, ingawa Rubondo kwa sangara wakubwa panasifika mpaka nje.

Na kama roho yako inamtaka besi mwenyewe, yupo karibu kuliko unavyodhani, alipandikizwa Ziwa Naivasha Kenya toka miaka ya 1920. Hapo hata minyoo ya zambarau itafanya kazi.

Zipange rapala zilizobaki mezani, zipige picha kwa ubavuni midomo yote ionekane, nitumie nikwambie ipi inazama mita ngapi, halafu uniambie na pale kwenye mawe yako maji ni mita ngapi. Funga jiwe kwenye kamba upime, usikisie.