Baiskeli Kisauni: anzeni na steji ya matatu

Ndugu yangu, umeuliza nyinyi wa Kisauni, hapa Mombasa, mtafanyaje watu waendeshe baiskeli bila roho mkononi. Mimi huvuka Daraja la Nyali kwa baiskeli kila asubuhi, basi nikwambie: msianze na mabango. Nendeni stejini. Kaeni na makanga na vijana wa bodaboda, kahawa na kashata katikati, muwaombe jambo moja tu: matatu isimkatie mwenye baiskeli mbele ili ishushe abiria. Muuza mkate na muuza madafu waje pia. Hao wanajua kila shimo kuliko sisi.

Barabara ya Malindi ni ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, usimlaumu MCA, mwakilishi wenu wa wadi, kwa hiyo. Za mitaani ndizo za kaunti, na makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Ukimwendea MCA Juni, umechelewa. Peleka picha za mahali hasa, si malalamiko ya jumla.

Taa ya nyuma ni lazima. Na mwenye duka akiweka chuma cha kufungia baiskeli, nunueni kwake, hata sukari ikizidi shilingi mbili.