Kichujio kinatoa sifuri tupu: si kasi ya chipu

Swali: Nimebuni kichujio cha Butterworth cha ngazi ya pili, kinachopitisha masafa yaliyo chini ya Hz 50. Sampuli zinaingia kwa kHz 48. Kwenye kompyuta kiko sawa, lakini kwenye chipu ya biti 16 isiyo na hesabu za desimali kinatoa sifuri tupu. Nimeshauriwa ninunue chipu yenye kasi zaidi. Itasaidia?

Jibu: Itakupa sifuri hiyohiyo, ila mapema zaidi. Ushauri huu wa "nunua yenye kasi" nimeuchoka.

Zitazame koefishenti zako, yaani namba ambazo kichujio huzidishia sampuli. Zile tatu za upande wa ingizo ni takriban 0.0000107, 0.0000213 na 0.0000107. Moja ya upande wa marejeo, unaorudisha matokeo yaliyopita kwenye hesabu, inakaribia -2. Biti 16 zikienea kutoka -2 hadi 2, umelazimika kugawa kipimo kwa hatua za 1/16384, yaani 0.000061. Zote tatu ni ndogo kuliko nusu ya hatua, zikakadiriwa kuwa 0. Kichujio kimekuwa kiziwi.

Wapo watakaokwambia uzidishe hizo tatu kwa 1000, ugawanye baadaye. Sauti itatoka, lakini 1 ukijumlisha na koefishenti mbili za marejeo, jumla inayogawa ukubwa wa tokeo, inapaswa kuwa 0.0000426; kwenye chipu yako inakuwa hatua moja nzima, 0.000061. Tokeo litashuka hadi asilimia 70 hivi.

Dawa ni kupunguza sampuli hadi kHz 1 kwanza, ukitanguliza kichujio kisicho na marejeo cha kuondoa masafa ya Hz 500 na zaidi. Hapo 0.0000107 inakuwa 0.02, yaani hatua 329 kwenye chipu. Ikibidi ubaki kHz 48, tumia koefishenti za biti 32, thamani za nyuma uzihifadhi kwa biti 32, na jumla ya mazao iwe ya biti 64.

Kinachoudhi zaidi ni desturi ya kubuni kwa desimali hadi mwisho, kisha kugeuza namba kamili wiki ya kukabidhi kazi. Andika kielelezo cha namba kamili kwenye kompyuta kabla hata ya kuchagua chipu: ukadiriaji uleule, ukomo uleule wa 32767, namba kubwa kuliko zote ya biti 16. Bila ukomo huo, 32767 ikiongezewa 1 inageuka -32768, na spika inapiga mlio wa kupasuka. Pitisha faili moja la sampuli kwenye kielelezo na kwenye chipu. Tofauti ya 1 tu ni kosa la kutafutwa. Na koefishenti za kunakili mtandaoni uziache: za Hz 50 kwa kHz 48, ukizitumia kwa kHz 44.1, zinakata kwenye Hz 45.9.