Maswali yenu: Pesa za mazingira zinapitia wapi?

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: serikali inasema ina pesa za tabianchi, sisi tunaokaa na moshi na visima vya chumvi mbona hatuzioni? Nimechagua saba.

Kikundi chetu kinapigania moshi wa jaa la taka. Tulisikia FLLoCA ina pesa, tukaenda kaunti, tukaambiwa hakuna fomu ya kuomba. Tumedanganywa? (Kisauni)

Hamkudanganywa, ila mlinyimwa nusu ya jibu. FLLoCA, mpango wa Kenya wa kugharamia miradi ya tabianchi mashinani ambao Benki ya Dunia iliutengea dola milioni 150 mwaka 2021, haumpi mtu hundi mkononi. Pesa huenda kaunti, na kaunti hugharamia miradi iliyopendekezwa na kamati ya tabianchi ya wadi. Kwa hiyo mlango wenu uko wadini. Muulizeni msimamizi wa wadi wajumbe wa kamati hiyo ni nani, wanakutana lini, na walipokaa na wananchi kutathmini hatari za tabianchi waliandika nini kuhusu mtaa wenu. Kama hamkutajwa mle, msitarajie kutajwa kwenye bajeti.

Sasa niseme lisilosemwa barazani. Serikali hulipia mche upesi kuliko inavyolipia malalamiko. Mkiingia na "moshi unatuua" mtapigiwa makofi na kurudishwa nyumbani. Mkiingia na "mvua kubwa inapofurika jaa, maji yake yanaingia visimani, tunataka kioski cha maji safi na mtaro", hapo kuna mradi wa kukadiriwa bei. Msiufiche moshi. Upelekeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa barua yake peke yake.

Tulipeleka pendekezo zuri mwezi wa Mei. Tukaambiwa tungoje mwaka ujao. Kwa nini? (Malindi)

Mlifika harusini sahani zinaoshwa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hutakiwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Ikifika Mei wanagawana kilichokwisha kupangwa. Andikeni Julai, mfuatilie Agosti, na kikao cha wananchi cha Februari msikikose hata kama chai ni ya rangi.

Kuna bwana anasema atatuandikia pendekezo kwa 30,000, na akitupatia pesa achukue asilimia 15. Tumlipe? (Wote, Makueni)

Hapana. Na kwenu nyinyi inasikitisha zaidi, maana Makueni ndiyo kaunti ya kwanza kuweka kanuni za mfuko wa tabianchi, mwaka 2015, na mfuko huo ulijengwa juu ya kamati za wadi ili mwananchi asihitaji dalali. Karatasi mbili za Kiswahili cha kawaida zinatosha: shida ni ipi, iko wapi, inawagusa kaya ngapi, mnataka nini, nani atakitunza kikishajengwa. Swali hilo la mwisho ndilo linaloua mapendekezo mengi, na dalali halijui.

Tumeandikishwa tangu 2019. Tunahitaji kitu kingine? (Msambweni)

Kiteremsheni cheti ukutani msome tarehe. Sitanii. Nilikuwa katibu wa kikundi cha mikoko, na cheti chetu mweka hazina alikitia fremu nzuri ya kioo. Siku tuliyoitwa kwenye ofisi fulani kuonyesha karatasi zetu, kilikuwa kimekwisha muda wiki tatu nyuma. Miche 4,000 ilikuwa kitaluni, na msimu ukatupita tukikimbizana na mihuri.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, cheti hudumu miaka miwili, na kikundi kinataka watu wasiopungua kumi. Kuhuisha hufanywa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Nendeni na katiba, kumbukumbu za mkutano wa uchaguzi wenye sahihi, na orodha ya wanachama walio hai. Marehemu kwenye orodha wamewaponza wengi.

Ofisi imekataa kutuonyesha bajeti ya mradi wa kisima ulioachwa nusu. Tufanye nini? (Hola)

Andikeni barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, na inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wakikaa kimya, pelekeni nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, la sivyo hamkuandika.

Hapa Tanga tunasikia kuna pesa za halmashauri. Vikundi vya mazingira vinapata? (Tanga)

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mkopo usio na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kitalu cha miche ya kuuza kinaweza kuulipa. Kusafisha mto hakulipi. Msikopee kitu kisichoingiza shilingi.

Tukienda mahakamani kuhusu kiwanda, kaunti haitatunyima miradi? (Changamwe)

Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu mtu yeyote kudai mazingira safi, hata asipoonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Woga wenu naujua, lakini. Wengine hushtaki kama wakazi kwa majina yao, na kikundi kinabaki na miradi. Mimi ningefanya hivyo. Ila msiitie hesabuni fidia ya mahakama. Jirani zenu wa Owino Uhuru waliumizwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, wakafungua kesi, na mwaka 2020 wakaamuliwa shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua hukumu, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka hiyo yote ilikuwa ya kungoja, kwa hiyo pendekezo kama lile la kioski nililowaambia wa Kisauni pelekeni wadini wiki hii.