Plevna: nani alimchapa nani?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi na jamaa yangu tumebishana kijiweni mpaka chai ikapoa, yeye anasema mwaka 1877 Warusi waliwachapa Waturuki kule Plevna, mimi nasema Warusi ndo walichapwa. Nani muongo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hakuna muongo ndugu yangu, kila mmoja kashika kipande chake.

Plevna ni mji wa Bulgaria, siku hizi unaitwa Pleven. Osman Pasha, jenerali wa Waturuki, aliingia hapo Julai 1877 akitokea mji wa Vidin, askari wako hoi kwa kutembea, na mji wenyewe hauna ngome ya maana, basi wakashika mabeleshi, wakachimba mahandaki na kuinua maboma ya udongo kwenye vile vilima. Warusi wakaja tarehe 20 wakarudishwa, tarehe 30 wakaja wengi zaidi wakarudishwa tena, safari hii wameacha watu kama 7,000.

Siri ni hii. Mturuki kakaa ndani ya handaki na bunduki ya Peabody-Martini inayompata mtu akiwa bado mbali huko, na wengine walikuwa na Winchester pia, ile inayofyatua mfululizo, kwa hiyo adui akisogea unaweka moja chini unashika nyingine, sanduku la risasi liko wazi pembeni. Mrusi yeye anapanda mlima mweupe, hana pa kujificha, anategemea singe! Hapo kwa kweli majenerali wake siwatetei.

Tarehe 11 Septemba ndo usiseme. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu mwenye jina moja na Tsar Alexander II, mfalme wa Urusi, huyo Tsar akakaa kilimani aone ushindi, kukawa mvua na ukungu, na yeye na washirika wake Waromania wakapoteza karibu watu 20,000, waliokufa na majeruhi. Waromania waliambulia boma moja la Grivitsa, jenerali wa Kirusi Skobelev alishika mawili upande wa kusini, kesho yake akanyang'anywa.

Mpaka hapo umeshinda wewe. Ila Warusi wakamwita Totleben, injinia wao aliyejenga ulinzi wa mji wa Sevastopol, akasema basi, hakuna kushambulia tena, fungeni barabara zote waishiwe chakula. Tarehe 10 Desemba Osman akajaribu kutoka kwa nguvu kupitia mto Vid, akapigwa risasi ya mguu, akasalimu amri na watu kama 40,000. Yeye alirudishiwa upanga wake kwa heshima, askari wake wakaswagwa kwenye theluji na maelfu wakafia njiani.

Kwa hiyo mwisho jamaa yako yuko sahihi, ila ilimchukua Mrusi miezi mitano. Hiyo chai lipeni nusu kwa nusu.